Dawa Si Karanga

Kuna neno moja ambalo nimelisikia katika mji huu wa Mwanza tangu nilipohamia hapa kufundisha, na kila nilisikiapo hunipandisha hamaki: "Mpe tu kapsuli, atapona." Husemwa juu ya mtoto mwenye mafua, juu ya mama mwenye kidonda, juu ya kuku aliyejikunyata bandani, na mwaka 2023 lilisemwa juu ya mbwa wangu. Aliyelisema safari hiyo hakuwa mwingine ila mimi mwenyewe. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba nimepanda jukwaani kuwanyoshea wengine kidole. Kidole hiki kinaanzia kwangu, na kikiondoka kwangu kinao wengi wa kuwafikia.

Mbwa huyo anaitwa Tomi. Ni chotara: mama yake mbwa wa kienyeji, baba yake mmoja wa wale mbwa wakubwa wanaofugwa kulinda majumba ya Capri Point. Kutoka kwa baba alirithi masikio mapana yaliyolala kama majani ya mgomba baada ya mvua. Tunakaa Luchelele, ukishapita Nyegezi, mahali ambapo ziwa halihitaji kutafutwa. Kila asubuhi Tomi huteremka na wavuvi mpaka ufukweni, huogelea, huokota dagaa walioanguka na mapanki ya sangara akiyapata, kisha hurudi ameloa chapachapa na kujilaza kivulini. Masikio yake hayakuwahi kukaushwa hata siku moja. Nani amewahi kusikia mtu anamkausha mbwa masikio?

Mwezi Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, alianza kutikisa kichwa. Mwanzoni tulicheka, kwa kuwa masikio yale yalipiga makofi. Kisha ikaja harufu, nzito na tamu kidogo, kama pombe iliyochacha. Ndani ya sikio la kulia palikuwa na uchafu wa rangi ya kahawia, wenye mafutamafuta, na ngozi ilikuwa nyekundu. Akajikuna mpaka damu. Siku moja mjukuu wangu alimshika sikio kama alivyozoea, na mbwa yule aliyekuwa akivutwa mkia bila kunung'unika alilia na kuonyesha meno.

Hapa naomba nieleze jambo ambalo sikulijua wakati ule, maana ndilo mzizi wa shauri zima. Tundu la sikio la mbwa halikwendi moja kwa moja kama letu. Lashuka kwanza kuelekea chini kama kisima, kisha lakata kona kuingia ndani hadi kwenye ngoma ya sikio. Maji yakiingia humo, na sikio lenyewe likiwa limefunikwa kwa ngozi iliyolala, hutuama. Pana joto, pana unyevu, pana giza. Kila kiotacho hupata shamba. Wanaoweza kulima shamba hilo ni wengi: bakteria, kuvu, utitiri mdogo usioonekana vizuri kwa macho. Wakati mwingine chanzo ni mbegu ya nyasi iliyojichimbia humo, au mzio wa ngozi unaorudi kila mwaka. Wote hawa huleta kujikuna, harufu na uchafu. Ukisimama mlangoni ukatazama kwa macho matupu huwezi kusema kwa hakika ni yupi. Mtu anayekuambia kwamba amejua kwa kutazama tu, tena kwa kusimuliwa, anakisia.

Mimi nilikisia. Nilikwenda kwenye duka la dawa, na kijana aliyekuwa akiuza alinisalimia kwa adabu zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nipe amoksilini."

"Za mtu mzima au za mtoto?"

"Za mtu mzima."

Basi, yakaishia hapo. Hakuuliza mgonjwa ni nani, nami sikusema. Nilinunua kapsuli kumi. Kwa nini kumi? Kwa sababu mfukoni nilikuwa na fedha ya kumi. Angalia sana sababu hiyo, ndugu msomaji, kwa maana katika nchi hii ndiyo inayopanga dozi kuliko daktari yeyote. Dawa inapimwa kwa noti, kama karanga zinavyopimwa kwa kikombe pale stendi.

Nilizitumbukiza ndani ya tonge la ugali, moja asubuhi, moja jioni. Siku ya tatu Tomi alianza kuharisha. Siku ya nne alitapika, akakataa chakula, akawa anakunywa maji tu na kuniangalia. Sasa, kuharisha na kutapika ni madhara yanayojulikana sana ya dawa hizi, kwa mbwa na kwa binadamu. Dawa inayoua bakteria haina macho. Ikiingia tumboni huwaua na wale wema wanaosaidia kusaga chakula. Laiti ningempigia simu mtu anayejua, ningeambiwa la kufanya kwa dakika tano. Badala yake nilimwuliza jirani, naye, kwa moyo mwema kabisa, akasema: "Tumbo limechafuka hilo, mpe flajili."

Flajili! Metronidazoli, kwa jina lake kamili, lakini nani analijua jina hilo? Dawa hii imekuwa kama chumvi ya nyumba zetu. Tumbo likiuma, flajili. Ukila samaki ukamshuku, flajili. Nilimpa vidonge viwili vya miligramu 200, mara tatu kwa siku, kama jirani alivyojipa mwenyewe alipokuwa na tumbo la kuendesha. Ni dawa chungu mno. Tomi alitokwa na mate ya povu kila nilipomfungua mdomo. Kuharisha kulipungua, nami nikajipongeza, nikaambiwa niendelee "mpaka akauke kabisa". Nikaendelea. Sikio, ambalo ndilo lililoanzisha safari yote hii, lilikuwa bado linanuka kama siku ya kwanza, na hakuna aliyelikumbuka tena.

Siku ya tisa ya vidonge hivyo niliamka nikamkuta Tomi hawezi kusimama sawasawa. Alikuwa akiyumba kama mlevi, kichwa kinatetemeka, macho yanacheza upande huu na upande huu bila kutulia, na mdomoni ana povu. Alijaribu kuja kwangu akaangukia ubavu.

Kabla ya saa nne vijana sita walikuwa langoni, wana marungu na mawe. "Mwalimu, mbwa wako ana kichaa. Tutoleeni nje."

Sitawalaumu vijana wale, na nitamkatalia yeyote anayetaka kuwalaumu. Kichaa cha mbwa si mchezo. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, kupona ni jambo la nadra mno hata katika hospitali kubwa za dunia. Kinga ni kuliosha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kukimbilia chanjo bila kungoja. Mtaa wenye watoto una haki ya kuogopa. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kuwaonyesha: kadi ya chanjo ya Tomi, yenye tarehe na mhuri. Niliwaambia hajamng'ata mtu, nikaomba siku moja. Mkubwa wao aliisoma kadi ile neno kwa neno, akaigeuza, akanirudishia. "Siku moja, Mwalimu." Nilimfungia Tomi stoo. Na niseme ukweli: hata mimi sikuwa na hakika. Usiku ule sikulala, nikisikiliza vishindo vyake akijigonga ukutani, na nikijiuliza kama nimewadanganya watu wazima kwa ajili ya mbwa.

Daktari wa mifugo alikuja asubuhi, amevaa glavu. Alimtazama Tomi kwa muda mrefu kupitia mlangoni kabla ya kuingia. Kisha akaniambia nilete kila karatasi na kila kopo la kitu nilichompa. Nililitandaza jamvi la aibu yangu mezani. Akauliza uzito wa mbwa. Tukampima, kilo 18. "Wewe ni mwalimu," akasema, "fanya hesabu." Vidonge viwili vya 200 mara tatu ni miligramu 1,200 kwa siku. Gawanya kwa 18. Zaidi ya miligramu 66 kwa kila kilo moja ya uzito, siku baada ya siku. Kwa kiasi kama hicho dawa hii huweza kuupiga ubongo wa mbwa, sehemu ile inayotunza mizani ya mwili, na matokeo yake ndiyo hayo: kuyumba, kutetemeka, macho kucheza. Tiba ya kwanza ni kuacha dawa. Lakini hakutaka kubahatisha kama mimi nilivyobahatisha. Alisema sikio lililooza mpaka ndani nalo huweza kumfanya mbwa ayumbe, na kwamba kichaa chenyewe hakiondolewi kwa maneno. Kwa hiyo mbwa afungiwe siku 10, asiguswe na mtoto wala na mtu asiye na glavu, na tuone. Akatoka langoni, akawaeleza vijana jambo lile lile. Wakakubali.

Siku ya tatu Tomi alikunywa uji. Siku ya sita alisimama. Siku ya kumi alitembea, ameinamisha kichwa kidogo, akatikisa mkia kwa mkuu wa wale wenye marungu.

Ndipo tulipolirudia sikio. Daktari alichukua uchafu kidogo kwa pamba, akaupaka kwenye kioo, akautia rangi, akauweka chini ya darubini, akanikaribisha nitazame. Niliona vitu vidogo vya zambarau vyenye umbo la karanga, vingi sana. Ni kuvu, jamaa wa hamira. Na amoksilini haiui kuvu! Haijawahi kuua kuvu tangu ilipotengenezwa. Kapsuli zangu kumi zilikwenda vitani kupigana na adui ambaye hakuwako, zikachoma nyumba za raia, zikarudi.

Tiba iliyomponya ilikuwa hii. Kwanza, kuangalia kwamba ngoma ya sikio haijatoboka, kwa kuwa ziko dawa za matone, jentamaisini ikiwa mojawapo, ambazo zikipenya hadi sikio la ndani huweza kumwacha mbwa kiziwi. Pili, kuliosha sikio kwa maji maalumu ya kusafishia, kulikanda chini ya tundu mpaka uchafu uelee, kumwacha ajitikise, na kufuta kwa pamba iliyozungushwa kidoleni, bila kijiti. Tatu, matone ya klotrimazoli kwa wiki mbili, kisha kuangaliwa tena. Na ziwa lisisogelewe mpaka apone, na baada ya hapo akaushwe kila atokapo majini. Vidonge vya kumeza havikuhitajika hata kimoja. Kwa magonjwa mengi ya sikio la nje la mbwa dawa inayowekwa pale penye ugonjwa hufanya kazi kuliko ile inayozungushwa mwili mzima. Ukijumlisha kapsuli, flajili, na teksi ya siku ya fadhaa, nilikuwa nimekwisha kutumia fedha nyingi kuliko gharama ya kupima ule uchafu na kununua yale matone.

Sasa ndiyo nina ugomvi, na ninao na watu kadhaa.

Wa kwanza ni yule asemaye kwamba mbwa ni mbwa tu. Mwenzangu mmoja tuliyestaafu pamoja aliniambia nimekuwa mzungu, kumpeleka mbwa kwa daktari wakati kuna watu hawana panadoli. Jibu langu ni kwamba amoksilini niliyompa mbwa ni ile ile apewayo mtoto mwenye nimonia. Hakuna amoksilini ya mbwa na amoksilini ya watu katika ulimwengu wa bakteria. Bakteria aliyejifunza kuishinda dawa katika ngozi au tumbo la mbwa wangu halali stoo. Hutembea kwenye mikono ya mjukuu wangu, kwenye mavi yaliyooshwa na mvua kuelekea ziwani, ziwa lile lile tunalochotea maji na kuvulia samaki. Asiyempenda mbwa na ampende basi mtoto. Kwa makadirio ya watafiti yaliyotolewa mwaka 2022, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa mwaka 2019 kwa sababu hasa ya bakteria wasiosikia dawa. Hao hawakufa kwa kukosa dawa dukani. Dawa ilikuwapo, ikashindwa.

Wa pili ni sisi tunaohifadhi masalio. Wiki moja baada ya mkasa ule nilifungua droo nikakuta karatasi ya kapsuli imepungua mbili. Binti yangu alikuwa amempa mwanawe kwa kikohozi. Alifanya kosa gani ambalo mimi baba yake sikulifanya mbele ya macho yake? Nilizitoa zote ndani ya nyumba siku ile ile, na tukagombana, na nilistahili kila neno.

Wa tatu nitawashangaza. Ni wale wahubiri wa "maliza dozi". Neno lenyewe si baya: aliyepewa dawa na anayejua asijikatizie katikati kwa kuwa amejisikia nafuu. Lakini limekuwa kama wimbo wa chekechea, linaimbwa kabla ya swali lililo kubwa zaidi: dozi ya nini? Mimi ningemaliza dozi ya amoksilini, na kuvu wangenishangilia. Ningemaliza dozi ya flajili, na Tomi angekufa. Mtu akiharisha au mbwa wake akiharisha kwa dawa, kuna mambo mawili ambayo hayafai yote mawili: kuacha kimya kimya na kujiongezea dawa ya pili. Linalofaa ni kumwambia aliyetoa dawa. Pengine atasema upewe pamoja na chakula, pengine atapunguza, pengine atabadilisha. Kuharisha kidogo kwa mbwa anayekunywa maji na mwenye uchangamfu huweza kungoja hadi asubuhi. Kutapika mfululizo, damu kwenye kinyesi, uso kuvimba, kuyumba: hayo hayangoji. (Na nikiwa hapo hapo: jirani zangu wafuga kuku na mbwa wana desturi ya kutuliza tumbo kwa kuchanganya tetrasaiklini na maziwa. Chokaa iliyomo ndani ya maziwa huishika dawa hiyo ikapita bila kuingia mwilini. Unalipia dawa na kuitupa chooni.)

Wa nne ni wakubwa wetu. Sheria tunazo. Dawa hizi kwa sheria zahitaji cheti cha daktari. Ipo Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ipo mamlaka ya dawa ambayo mwaka 2019 ilibadilishwa kutoka TFDA ikawa TMDA. Mwaka 2017 serikali ilizindua mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa, na maneno yaliyomo ni mazuri. Lakini kutoka karatasini hadi Luchelele ni mbali. Wazee wenzangu wanakumbuka enzi za bwana mifugo aliyekuja kwa baiskeli bila kuitwa, ng'ombe wakaogeshwa kwenye josho. Miaka ya tisini tuliambiwa huduma hizo sasa ni biashara, kila mtu alipe. Vema, tumelipa, ila biashara hufuata penye ng'ombe wengi na fedha nyingi, na mbwa mmoja wa mstaafu hana mvuto. Nafasi iliyoachwa na bwana mifugo haikubaki tupu. Duka la dawa liliijaza.

Wala hatuwezi kusema hatukuonywa. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alisimama Stockholm mwezi Desemba 1945 kupokea tuzo ya Nobel, na katika hotuba yake akasimulia kisa cha kubuni cha mtu aliyejinunulia penisilini, akameza kidogo kuliko inavyotakiwa, akawafundisha wadudu wake kuihimili, kisha akamwambukiza mkewe, na mke akafa kwa ugonjwa ambao ungetibika. Dawa ilikuwa bado changa, hata haijafika madukani kwetu, na mwenye dawa alikwisha kumwona mtu yule. Nilipokisoma kisa hicho niliona kama amenichungulia nikiwa dirishani pale, nanyosha noti yangu.

Naye kijana wa duka je? Nilirudi kwake. Sikwenda kwa shari. Nilikwenda na Tomi, kamba shingoni, ili aone. Nikamsimulia yote. Alinisikiliza vizuri, akasikitika kwa dhati, akamtazama mbwa kichwa chake kilivyobaki kimelala upande kidogo. Kisha akaniambia: "Mzee wangu, ningekuuliza mgonjwa ni nani, ungeniambia ni mbwa?" Nikasema labda nisingesema. "Na ningekudai cheti, ungekwenda kutafuta cheti?" Nikanyamaza. Akanionyesha kwa kidevu duka jingine ng'ambo ya barabara, hatua ishirini tu. "Ungekwenda pale. Na jioni mwenye duka angeniuliza kwa nini mauzo yamepungua."

Nilikuwa na mengi ya kumjibu, na bado ninayo. Nilimwambia nitayaandika. Akacheka kwa heshima, akamgeukia mteja aliyefuata, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, ambaye alikuwa anataka kapsuli nne.